Kwa nini chumba cha kompyuta shuleni huishia kufungwa kufuli?

#1 KufuliMbili
Wakuu, salaam.

Shule nyingi za sekondari hadithi ni ile ile. Kompyuta 20 zinafika, picha zinapigwa, kidato cha kwanza wanaandika majina yao kwa herufi kubwa nyekundu. Muhula wa pili zinawaka 13. Mwaka unaofuata mlango una kufuli, ufunguo uko kwa mtu ambaye kasafiri, na viti vibovu vimepangwa juu ya meza za kompyuta. Ukiuliza unaambiwa "hatuna intaneti".

Dai langu: intaneti ni kisingizio. Mashine ambayo haijawahi kuunganishwa popote inafundisha kuchapa, programu za ofisi (LibreOffice), uandishi wa programu (Scratch, Python) na majaribio ya fizikia mwaka mzima bila bando hata la MB 100. Kuna kitu kingine kinachoua hivi vyumba. Wanaojua mashine na wanaojua shule waseme ni kipi. "Serikali iangalie" tumeshaisikia, tuiruke.

#2 NyutroLegevu
Umeme, mkuu.

Desktop ya zamani na kioo chake hula wati 80 hadi 120, chukua 100. Mashine 20 ni kilowati 2. Zikiwaka saa 4 kwa siku ni uniti 8. Siku 22 za masomo ni uniti 176 kwa mwezi. Zidisha kwa bei ya uniti yenu ndipo utajua kwa nini mkuu wa shule anapunguza saa kimyakimya.

Ila bili haiunguzi mashine. Kinachounguza ni kukatika na kurudi. Umeme ukirudi unayumba, na nyutro (waya wa kurudisha umeme) ikiwa imelegea volti zinapanda mpaka pawa saplai za mstari mzima zinaondoka kwa pamoja. UPS (visanduku vya betri vya kushikilia mashine umeme ukikatika) zinazonunuliwa ni zile za VA 650 zenye betri ya volti 12, Ah 7. Kwenye chumba cha bati kisicho na dari, betri hiyo inachoka ndani ya miaka 2 au 3. UPS yenye betri mfu ni afadhali isingekuwepo: taa ikipepesa tu, mashine inazimika, wakati pawa saplai yenyewe ingeweza kuvumilia huo mpepeso.

Utaratibu: umeme ukikatika, shusha swichi kuu ya chumba. Ukirudi subiri dakika 5, halafu pandisha mstari mmoja mmoja. Ingia BIOS (mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka), tafuta mpangilio unaosema mashine ifanye nini umeme ukirudi, weka ibaki imezimwa. Ukiacha ijiwashe, zote 20 zinavuta kwa mpigo na breka inaruka. Na printa ya leza isichomekwe kwenye UPS kabisa. Inapopasha moto inavuta mamia ya wati, UPS ndogo inalia na kukata.

#3 Msomaji Mzito
Naweka kambi hapa. Chai iko wapi?

#4 RatibaUkutani
#2 kaeleza vizuri lakini mashine zinaweza kuwaka zote na chumba bado kikafungwa. Angalieni ratiba.

Kipindi ni dakika 40. Wanafunzi 50 wanatoka darasani, wanavua viatu mlangoni, wanagombea viti: dakika 6. Windows kwenye diski ya kuzunguka inachukua dakika 3 au 4 mpaka mshale utulie. Kuhifadhi kazi na kuzima mwishoni, dakika 4. Zimebaki kama 25. Mashine nzima ni 15, kwa hiyo kila moja ina wanafunzi watatu au wanne. Kila mkono unapata kibodi dakika 7, na huyo ni mwanafunzi mwenye kiwiko kigumu. Wale wapole hawagusi.

Sasa mikondo minne kwa kila kidato, vidato vinne, vipindi viwili kwa wiki: vipindi 32. Chumba kimoja kwa wiki kina vipindi 40. Kinatosha kwenye karatasi. Ukigawa kila mkondo nusu kwa nusu ili wakae wawili wawili, unahitaji 64 na mwalimu wa pili wa kukaa na nusu iliyobaki. Hapo ndipo mwalimu wa taaluma anafuta kompyuta na kuweka hesabu. Kufuli linakuja baadaye, ratiba ndiyo iliyofunga mlango.

#5 StimaImerudi
Kutoka hapa Kenya, mko sawa lakini angalieni na upande huu. Ahadi ya kampeni ya 2013 ilikuwa laptop kwa kila mtoto wa darasa la kwanza. Ilipotekelezwa 2016 chini ya DLP, mpango wa elimu ya kidijitali, zikawa tableti, na kila shule ya msingi ikapewa furushi: tableti za watoto, mbili za walimu, seva ndogo ya masomo yenye Wi-Fi yake, na projekta. Stima ilivutwa hadi shule nyingi ambazo hazikuwa nayo. Maana yake mambo ya #2 yalifikiriwa, na intaneti haikuhitajika kwa sababu masomo yalikuwa ndani ya seva.

Na bado tableti nyingi zililala kabatini zikiwa kwenye maboksi. Kwa hiyo umeme pekee hautoshi kuwa jibu, wala mashine pekee. Projekta ndiyo ilitumika zaidi, na mara nyingi ni wakati wa mkutano wa wazazi.

#6 FundiKifutio
Kabla hamjaenda mbali, nusu ya mashine zinazoitwa "mbovu" si mbovu.

Mashine inawaka, inaandika maneno meupe kwenye kioo cheusi, inasimama. Soma: inaomba ubonyeze F1. Betri ya bodi, CR2032 ya volti 3, imekwisha. Ipime; ikiwa chini ya volti 2.7 itoe. Kifaa hicho cha bei ya soda ndicho kinachofanya saa irudi mwaka 2009 kila ukizima. Na saa ikiwa nyuma, kivinjari kinakataa kila tovuti kwa sababu vyeti vya usalama vinaonekana bado havijaanza. Hapo shule inaandika "intaneti haifanyi kazi" na kumlaumu mtoa huduma.

Mashine inapiga mlio mfululizo, kioo hakionyeshi kitu: chomoa umeme, shika chuma cha kasha kwanza, toa RAM (kipande cha kumbukumbu ya mashine), futa meno yake ya dhahabu kwa kifutio cheupe cha penseli. Kile cha wino kinakwaruza, usikitumie. Rudisha mpaka klipu zote mbili zilie.

Inazima yenyewe baada ya dakika 10: feni imejaa vumbi au ute wa joto juu ya prosesa umekauka. Toa feni, puliza ukiwa nje ya chumba, zuia mapanga ya feni kwa kidole yasizunguke kwa upepo, futa ute wa zamani, weka mpya kiasi cha punje ya mchele.

Na sakafu idekiwe kwa maji. Anayefagia kavu saa moja asubuhi anapeleka vumbi lote ndani ya mashine saa mbili.

#7 Mama Kidato
Asanteni kwa elimu. Swali la mzazi: haya ya kufuta meno ya RAM ni mazuri, lakini vijana wenyewe nyumbani wana simu janja za kaka zao, na huko ndiko wanakojifunzia. Chumba cha kompyuta cha nini basi?

#8 RatibaUkutani
Mama, kwenye simu wanajua kusogeza kidole. Mpe huyo huyo faili la Word alihifadhi kwenye folda fulani, kesho yake alipate. Hapo utaona.

#9 SevaYaKijiji
Jibu la Mama Kidato linaunganika na la #1. Unaweza kuwa na "intaneti" ndogo ya shule isiyotoka nje ya uzio.

Vitu vitatu. Kompyuta moja ya kuwa seva, ruta moja ya kawaida, swichi ya mtandao yenye matundu ya kutosha. Kwenye seva unaweka Kolibri, programu huria ya masomo ya Learning Equality, mrithi wa KA Lite iliyoanza 2012. Ina kiolesura cha Kiswahili. Masomo unayapakua mara moja mahali penye mtandao, unayabeba kwenye diski ya nje, unayaingiza shuleni. Majina ya wanafunzi yanaingia kwa faili moja la CSV (orodha ya jedwali), mwalimu anaona nani kafanya zoezi lipi na kakwama swali gani. Pembeni yake unaweka Kiwix, programu ya kusoma Wikipedia bila mtandao, na Wikipedia yenyewe: ya Kiswahili ina makala zaidi ya 70,000 na inaingia kwenye flashi ndogo tu, ya Kiingereza yenye picha inakaribia GB 100 au kuzidi.

Halafu majaribio ya PhET ya Chuo Kikuu cha Colorado. Mengi ni faili moja moja la HTML, mengine yamefasiriwa Kiswahili, yanafunguka kwenye kivinjari bila mtandao wowote. Mwanafunzi anajenga sakiti, anaweka balbu mbili sambamba, anapima volti. Chagua ya HTML5, zile za zamani za Java zitakusumbua.

Ruta ipe seva anwani isiyobadilika, mfano 192.168.1.10. Wanafunzi wanaandika http://192.168.1.10:8080 basi. Kiwix ipe mlango mwingine, yaani namba ya mwishoni iwe 8090.

Seva iwe Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo ya ubao mmoja, inakula wati 5 hadi 7 tu.

#10 KasiYaKobe
Nakubaliana na #9 isipokuwa sentensi yake ya mwisho.

Pi 4 haina saa yenye betri. Umeme ukikatika usiku inaamka ikidhani ni jana, na ripoti za Kolibri zinaonyesha tarehe za ajabu mpaka uinunulie kipande cha saa cha DS3231. Inaishi juu ya kadi ya SD, na kadi ya SD ikikatiwa umeme katikati ya kuandika, mfumo unaweza usiwake tena. Inataka chaja ya volti 5.1, ampea 3. Walimu wataichomeka kwenye chaja ya simu na itaanza kujizima zima. Wi-Fi yake ya ndani ni ya vifaa vichache, darasa zima likiingia linadondoka.

Laptop ya zamani yenye prosesa ya i5, RAM GB 4 au 8 na SSD (diski isiyozunguka) ya GB 256 inashinda. Ina betri, kwa hiyo UPS imo ndani. Ina saa. Ina kioo na kibodi, tatizo likitokea unaliona. Weka Linux, fungua /etc/systemd/logind.conf, andika HandleLidSwitch=ignore ili ukifunga kifuniko isilale.

Na makosa mawili ambayo kila anayejenga seva ya #9 anayafanya. La kwanza, anachomeka kebo ya seva kwenye tundu la WAN la ruta (la kuingizia intaneti), lile la rangi tofauti. Seva ikae kwenye matundu ya LAN (mtandao wa ndani) pamoja na wengine, la WAN libaki tupu. La pili, anabeba faili kubwa la Wikipedia kwenye flashi iliyofomatiwa FAT32 na linagoma katikati. FAT32 haipokei faili linalozidi GB 4, hata flashi iwe na GB 256 tupu. Ifomati exFAT kwanza.

#11 SevaYaKijiji
@KasiYaKobe laptop kuukuu nayo inaibika kirahisi. Pi unaifunga ndani ya boksi la chuma juu ya dari, hakuna anayejua ipo. Na kwa sola hesabu ni nyepesi: Pi, ruta na swichi ni kama wati 20. Saa 8 ni Wh 160. Paneli moja ya wati 100 na betri ya Ah 50 unamaliza kazi.

#12 NyutroLegevu
Betri ya Ah 50 ya asidi ni Wh 600, na usiishushe chini ya nusu kama unataka ifike mwaka wa tatu. Kwa hiyo una Wh 300, mvua ya siku mbili mfululizo imekwisha. Weka Ah 100. Seva inabebeka na sola, hilo sawa. Mashine 20 za wanafunzi je? Hizo ndizo zenye kula.

#13 Pwani Tulivu
Sheikh wangu #9, kuna jambo limeachwa. Walimu wakijaribu seva kwa simu zao, simu inasema "Wi-Fi haina intaneti" na inarudi kwenye data ya laini yenyewe. Anwani haifunguki, mtu anatangaza mradi umekufa. Android inauliza ubaki au uondoke. Chagua kubaki, weka alama isikuulize tena, au zima data kabisa. Jingine, kivinjari kinaongeza https mbele. Iandike http kwa mkono.

#14 MchambuziWaTakwimu
Mnabishana kuhusu betri wakati swali la #1 lilishafanyiwa utafiti mkubwa. Peru waligawa laptop za mradi wa laptop moja kwa kila mtoto kwenye shule za vijijini. Utafiti wa 2012 wa Benki ya Maendeleo ya nchi za Amerika, shule 319: kompyuta zilitoka 0.12 hadi 1.18 kwa kila mwanafunzi. Alama za hesabu na lugha hazikusogea. Shule nyingi hizo hazikuwa na intaneti.

Delhi, India, ilikuwa kinyume. Programu ya Mindspark ilimpima kila mtoto yuko wapi na kumfundisha kutoka hapo, hata kama ni madarasa matatu nyuma ya darasa lake. Ndani ya miezi minne na nusu hesabu zilipanda kwa kiasi kikubwa. Kwa hiyo tatizo ni kinachofundishwa ndani ya mashine, si kufuli.

#15 StimaImerudi
@MchambuziWaTakwimu hao wa Delhi walikuwa kwenye vituo vya baada ya shule, na walikuwa na wasimamizi wa kuwaongoza pia. Usituuzie programu peke yake.

#16 Tanga Raha
Mnakwenda Peru na India wakati jambo lilitokea hapa hapa Tanga! Majaribio ya shindano la Global Learning XPRIZE, 2017 hadi 2019. Vijiji karibu 170, watoto karibu 3,000, wengi hawakuwa wanakwenda shule. Kila mtoto tableti ya Pixel C yenye programu za kusoma na kuhesabu kwa Kiswahili, kituo cha kuchajia cha sola kijijini, hakuna mwalimu, miezi 15. Mwanzoni zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma neno moja la Kiswahili. Mwishoni idadi hiyo ilishuka kama nusu. Onebillion wakashinda dola milioni 10, Mei 2019.

#17 MchambuziWaTakwimu
Kitkit School na onebillion walifungana, wakagawana hizo milioni 10. Timu zilizoingia fainali zilikuwa tano, na kila moja ilitakiwa iweke programu yake wazi kwa yeyote. Kwa hiyo ziko mtandaoni mpaka leo bure. Na soma vizuri hiyo nusu: nusu nyingine baada ya miezi 15 walikuwa bado hawasomi neno.

#18 Leja Nyekundu
Nimesoma wote. Mmeogopa kusema jambo moja, nalisema mimi: mkuu wa shule anafunga kwa sababu ana akili timamu.

Kompyuta zimeingia kwenye leja ya mali. Mausi ikipotea, kuna maelezo ya maandishi, kuna ripoti polisi, kuna mkaguzi mwaka ujao anayehesabu vipande. Kompyuta ikikaa miaka mitano bila kuguswa, hakuna anayeuliza. Ikitumika na kuharibika, anaulizwa yeye. Mfumo unamlipa kwa kufunga. Vishikwambi vya Sensa ya 2022 waligawiwa walimu mmoja mmoja na kila mtu akasaini chake, ndiyo maana vingi vinaonekana mikononi mwa watu. Chumba ni cha wote, lawama ni za mmoja.

Cha kufanya kabla ya somo la kwanza: namba ya rangi ya mafuta kwenye kasha, kioo, kibodi na mausi, namba moja kwa mashine moja. Kebo za mausi na kibodi zifungwe na vibana vya plastiki kwenye mguu wa meza. Kasha lina kitundu cha kufuli nyuma, lifungwe, kwa sababu kinachoibiwa siku hizi ni RAM na hakuna anayejua mpaka mashine ianze kusuasua. Daftari mlangoni: mkondo, saa, mwanafunzi yupo namba ngapi, sahihi ya kiranja. Na kikao cha bodi kiandike kwenye mihutasari kwamba kifaa kinachoharibika darasani kwa matumizi ya kawaida ni uchakavu. Mstari huo mmoja unafungua milango kuliko semina.

#19 FundiKifutio
Hapo kwenye RAM #18 amepiga penyewe. Unanunua GB 8, baada ya likizo zinasoma 2.

#20 Chipukizi_TZ
Sasa watoto wakija na flashi zao je? Folda zote zinageuka njia ya mkato na kazi zinapotea.

#21 KasiYaKobe
Hazijapotea, zimefichwa. Fungua Command Prompt, kama flashi ni E andika:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Subiri, folda zitarudi. Njia za mkato zifute zote, na faili lolote la .vbs au .lnk usilolijua. Lakini usifanye hivyo kwenye mashine ambayo nayo inaumwa, vinarudi dakika hiyo hiyo. Tumia Windows iliyo safi, au fungua flashi kwenye Linux, ambako folda zilizofichwa hivyo zinaonekana bila amri hiyo.

Kwa chumba kizima dawa ni kugandisha. Deep Freeze, programu ya Windows, inarudisha mashine ilivyokuwa kila ikiwashwa. Kazi za wanafunzi zihifadhiwe kwenye folda ya seva, si kwenye mashine. Na ukishaiandaa mashine moja vizuri, ikopi kwa Clonezilla kwenda zile nyingine badala ya kusakinisha mara 20.

Windows 10 ilikoma kupata masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haizitaki rasmi mashine nyingi za namna hii. Linux Mint ya Xfce, SSD ya GB 120, RAM GB 4. Zile dakika 4 za #4 zinakuwa kama nusu dakika.

#22 RatibaUkutani
Umenirudishia dakika tatu na nusu. Bado nina wanafunzi 50.

#23 Mama Kidato
Narudi kwenye simu, maana naona mmeikimbia. Nyumbani nazuiaje uchafu bila kumnyang'anya? Na hizi kazi za shule zinazoandikwa na akili unde ya WhatsApp?

#24 Pwani Tulivu
Bibie, uchafu: Android 9 kuja juu, mipangilio ya mtandao, DNS ya faragha, andika family.cloudflare-dns.com. Inafanya kazi kwenye Wi-Fi na kwenye bando pia. Nyumba nzima, weka 1.1.1.3 na 1.0.0.3 kwenye ruta. Inaziba tovuti chafu. Haizibi kilichomo ndani ya TikTok au Telegram, na akiweka VPN imepita.

La akili unde halina kizuizi cha DNS. Mwalimu aombe kazi ya mkono yenye hatua, kisha amwite mmoja ubaoni aeleze hatua ya tatu.

#25 StimaImerudi
Na Telegram mwambie kijana ujanja huu, msimu wa mtihani unarudi. Chaneli ya "karatasi zimevuja" inaweka ujumbe wa kijinga Jumapili. Mtihani ukifanyika Jumatatu, mwenye chaneli anahariri ule ujumbe wa Jumapili na kuweka karatasi halisi. Tarehe inabaki ya Jumapili. Anayetazama anaamini ilivuja mapema, analipia inayofuata. Atafute alama ndogo ya kuhaririwa karibu na saa ya ujumbe.

#26 Leja Nyekundu
Tukiwa huko huko, shule ziache kubandika picha za watoto mtandaoni ovyo siku ya kuzindua hizo kompyuta. Kenya wana sheria tangu 2019, na 2023 shule moja ilitozwa shilingi 4,550,000 za Kenya kwa kuweka picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. Tanzania Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ni ya 2022, ilianza kutumika Mei 2023. Fomu ya ridhaa iwe karatasi yake, isifichwe kwenye fomu ya kujiunga.

#27 KufuliMbili
Asanteni. Mpaka sasa nina washtakiwa watano: nyutro, ratiba, betri ya F1, masomo yasiyolingana na mtoto, na leja. #18 ana kesi nzito lakini haielezi shule binafsi, kule hakuna leja ya serikali na vyumba vinafungwa vile vile.

#28 Leja Nyekundu
Shule binafsi kuna mwenye shule. Ni leja yenye miguu miwili.

#29 RatibaUkutani
Shule binafsi zina mikondo miwili yenye wanafunzi 30 na bado zinafunga? Basi hata mimi dai langu limepata ufa. Au huko anayefundisha kompyuta ni yule yule anayetengeneza printa ya ofisi, na anaitwa katikati ya kipindi.

#30 Chipukizi_TZ
Swali la mwisho kwa #9 na #10. Video za walimu wetu wenyewe zimerekodiwa kwa simu, moja ina MB 900. Tunaweza kuziweka kwenye Kolibri? Zikichezwa na darasa zima zinakwama.

#31 SevaYaKijiji
Unatengeneza chaneli yenu kwenye Kolibri Studio, unapakia mp4 na PDF, mnapanga kwa mada za muhtasari wenu. Lakini zikamue kwanza kwa programu ya ffmpeg:

ffmpeg -i somo.mp4 -vf scale=-2:480 -c:v libx264 -crf 28 -c:a aac -b:a 64k somo_dogo.mp4

Hakikisha mfumo wa kubana video ni H.264. Simu mpya hurekodi H.265 na vivinjari vingi vya mashine za zamani haviichezi, unasikia sauti tu.

#32 KasiYaKobe
Nyongeza. Zikamuliwe hivyo, wanafunzi 30 kwa pamoja wanahitaji kama Mbps 30. Swichi ya kebo ya Mbps 100 inabeba. Wi-Fi ya GHz 2.4 inayogawanywa kwa wote itayumba, kwa hiyo mashine za mezani zipite kebo na Wi-Fi waachiwe walimu. Kama mwandiko wa ubaoni hausomeki, shusha crf iwe 24 na ukubali faili kukua.